Kiapo cha Muslimo

Katiba haitaki mengi kwa mtu anayetaka kuwa mwakilishi wadi. Awe raia. Awe amejiandikisha kupiga kura. Awe na akili timamu na asiwe mfungwa. Awe na chama kilichompa tiketi, au wapiga kura wa kutosha waliotia sahihi kumpendekeza. Mtu akiyasoma hayo akiwa Nairobi atadhani safari ni fupi. Garissa kuna sharti moja zaidi, halijaandikwa popote, na ndilo linalowakata watu miguu: iwe ni zamu ya mlango wenu.

Mlango ni kipande cha ukoo, watu wa babu mmoja. Mlango wa Nunow Dagane ulikuwa mdogo, na tangu kaunti zianze, kazi yao ilikuwa kushangilia wengine. Milango mikubwa iligawana viti, nao wakakumbukwa siku ya kupiga kura na siku ya mazishi. Mwaka huu wazee wa ukoo mzima walikaa hotelini, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia mpaka mwenye hoteli akachoka kuchemsha, na mwisho wakasema: safari hii ni ninyi, leteni mtu. Mtu akatajwa, Fatiha ikasomwa. Fatiha ikishasomwa, kampeni ni mapambo tu.

Mtu huyo alikuwa Nunow. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, duka la dawa za mifugo mtaa wa Iftin, Kiswahili kilichonyooka, na hana ugomvi na mtu. Mzee Rage, mkubwa wa mlango wao, alimshika bega mbele ya watu akasema, "Sasa na sisi tuna mtu." Nunow alilia hadharani na hakuona haya. Baba yake alikufa akisubiri mtu wa kuwasemea juu ya kisima walichoahidiwa kijijini, na kisima hakijachimbwa hadi leo.

Kiti chenyewe kilikuwa na mwenyewe, jina lake Mustaf, na makalio yake yalikuwa yameshakizoea. Hakubishana na wazee. Nani hubishana na Fatiha? Alikwenda serikalini. Alipeleka malalamiko kwamba Nunow Dagane hana sifa za kugombea kwa sababu si raia: ni mkimbizi wa kambi ya Ifo, na alama za vidole vyake zimo kwenye mashine ya kambi.

Kilichouma ni kwamba vidole vilikuwemo kweli.

Nunow alikuwa kijana mdogo ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake, na baba mwenyewe akawafuata. Mama yake, Muslimo, alibaki na watoto wawili, Nunow na dada yake Ramla, na mbuzi wachache ambao hata fisi aliwadharau. Serikali haikuwa na chakula cha kuwapa. Lakini huko Ifo kulikuwa na unga, mafuta na daktari, kwa sharti kwamba uwe umetoka Somalia. Muslimo alizaliwa upande huu wa mpaka, kama mama yake na bibi yake. Alipanga foleni pamoja na watu waliokimbia vita, akaulizwa ametoka wapi, akataja mji asioujua, kisha akaweka vidole vyake na vya wanawe kwenye kioo cha mashine. Mwenye njaa hana miiko, na hakuwa peke yake; wenyeji wengi walifanya hivyo hivyo. Hakuna aliyewaambia kwamba mashine haisahau.

Nunow hakukaa sana kambini. Alirudi Garissa kwa ami yake, akasoma, akapata kitambulisho wakati mashine ya kambi na ya serikali zilikuwa bado hazisemezani. Ramla alibaki. Aliolewa huko Ifo na mkimbizi wa kweli, Warfa, mtu mpole anayetengeneza simu, wakapata mtoto wa kiume, Hanad, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Hanad hakuweza kuvuka uwanja bila kuchuchumaa katikati ili apumue. Nchi moja ya ng'ambo ilikuwa imekubali kumpokea apasuliwe, yeye na wazazi wake na bibi yake, kwa faili la familia lililofunguliwa kwa jina la Muslimo.

Kwa hiyo Nunow hakuweza kusema ukweli. Angeweza kwenda mbele ya kamati ya kuhakiki uraia na kusema, sisi ni Wakenya, njaa ndiyo iliyotupeleka. Kamati ilikuwa imewasikia wengi wa namna hiyo na kuwasamehe. Lakini Muslimo akiwa Mkenya, Ramla pia ni Mkenya, faili linafungwa, na Hanad anabaki Ifo na tundu lake. Ilibaki njia moja safi, nayo ni kujitoa. Malalamiko ya Mustaf yangekufa siku hiyo hiyo. Nani angehangaika na vidole vya muuza dawa za minyoo?

Nunow aliitaja njia hiyo mara moja, ndani ya duka lake, mbele ya Mzee Rage.

"Ukijitoa leo," Rage alisema, "zamu hairudi kwetu mimi nikiwa hai. Pengine hata wewe ukiwa hai. Watasema tulipewa kiti tukakosa mtu wa kukalia."

"Na mtoto wa Ramla, adeer?"

Alimwita adeer, baba mdogo, kama kila kijana wa mlango ule alivyomwita. Rage alivuta kigoda akaketi karibu.

"Ndilo lililonileta. Unajua watu walivyokuwa wakiazimana watoto kule Ifo. Kadi yenye vichwa vingi ndiyo yenye unga mwingi. Basi kuna mama mkimbizi alikuazima kwa ami yako, akakuongeza kwenye kadi yake. Wewe ulikuwa mtoto, hukuapa, hukuelewa. Yeye abaki mkimbizi, wewe ubaki Mkenya. Kadi yake itakatwa kichwa kimoja, basi."

"Mama mkimbizi yupi?"

Rage alianza kusoma maandishi ya chupa ya dawa ya kupe. "Muslimo," alisema.

Hapo ndipo Nunow angeinuka. Angemwambia mzee yule atoke dukani, na dunia isingeanguka. Lakini jambo lenyewe lilikaa sawa mno, kila mtu akipata chake: Hanad atapasuliwa, mlango utapata kiti, na hakuna atakayenyang'anywa chochote. Halafu nani angedanganyika? Garissa nzima ilijua Nunow ni mwana wa nani. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kutaja babu zake kwa kichwa kabla ya kufundishwa alifabeti. Atakayedanganywa ni kamati peke yake, na ofisi zenyewe zilikuwa zimewadanganya watu wa huku miaka na miaka. Ni maneno tu, Nunow alijiambia. Alikuwa tayari anakipenda kiti, ndiyo kweli yenyewe, na mtu anayependa haoni mbali.

Alikwenda Ifo. Muslimo alikuwa ameketi kwenye mkeka, akichagua mawe kwenye mtama, na Nunow akaketi pembeni yake akamweleza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya jukwaani, akimtaja Hanad mara nyingi kuliko alivyokitaja kiti.

"Wataniapisha?" mama yake aliuliza alipomaliza.

"Ndiyo, hooyo," alisema, yaani mama.

"Kwa msahafu?"

"Ni desturi ya ofisi tu."

"Sikukuuliza desturi ya nani."

Nunow alichokonoa ukingo wa mkeka. "Hooyo, mbona ulipowaambia watu wa kambi kwamba umetoka Somalia hukuogopa?"

"Pale hapakuwa na msahafu. Mtu mwenye kompyuta aliniuliza, njaa ikamjibu." Aliweka sinia chini. "Nisikilize. Wanadamu nimewadanganya, na nitaulizwa. Kwa jina la Mungu sijaapa uongo hata siku moja, na sitaanza sasa nikiwa mzee. Nikiweka mkono pale nikasema wewe si mwanangu, basi kuanzia hapo si mwanangu. Sitakwenda mbele ya Mola wangu na uongo wa mkono wangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, hooyo."

"Hujaelewa. Nenda ukafikiri, urudi kesho."

Kufikiri kwenyewe hakufikiri. Alishinda kwenye simu na Rage, wakipanga gari la kumleta mama Garissa, akisindikizwa na Warfa, na kibali cha kuwatoa kambini, maana mkimbizi hatoki Ifo kwa hiari yake. Asubuhi alipofika, Ramla alikuwa mlangoni amembeba Hanad, na midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Nunow alipoiona alijisikia mtu mwema. Muslimo alimuuliza tena, neno kwa neno, kama anataka aapiwe hivyo. Akajibu kwamba anataka. Mama yake akainuka kwenda kutawadha.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye feni zisizozunguka. Mwenyekiti alikuwa mama wa kutoka bara, mwenye adabu na aliyechoka na joto. Wazee wa mlango walijaa mabenchi ya mbele. Rage ndiye aliyetangulia kusema, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Madam, kijana hii ni yetu. Mimi najua baba yake, najua babu yake. Huyu mama ni mkimbizi ya Ifo. Hiyo siku ya njaa alichukua kijana, akaongeza kwa kadi. Sisi tulikuwa wajinga. Bole sana."

Kisha akaitwa Muslimo. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo msichana mkalimani alisimama karibu naye. Msahafu uliletwa ukiwa umefungwa kitambaa, na Muslimo akakifungua mwenyewe taratibu, akaweka mkono.

"Muulize," mwenyekiti alimwambia mkalimani, "kama kijana huyu ni mwanawe wa kumzaa."

Muslimo alimgeukia Nunow akamtazama kuanzia paji la uso hadi viatuni, kama mtu mnadani anayemwangalia ng'ombe wake wa mwisho kabla ya kuachia kamba. Nunow alimpa kitabasamu cha kumtia moyo. Alitabasamu, huyo mwana.

"Si mwanangu," Muslimo alisema. "Wallahi, billahi, tallahi, si mwanangu."

Mkalimani alitafsiri. Katika mabenchi yote yale ya watu waliokula harusi ya Muslimo, waliomzika mumewe, hakuna aliyekohoa. Mwenyekiti alivua miwani akawatazama wawili wale kwa zamu.

"Mungu anisamehe," alisema, "lakini hawa watu wanafanana pua."

"Sisi yote tunafanana, madam," Rage alijibu. "Ni hii jua."

Ukumbi ulicheka. Nunow naye alicheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko vya wengine. Kabla ya adhuhuri kamati ilitamka kwamba ni raia, ameandikishwa kihalali, na hana kizuizi cha kugombea.

Nje vijana walianza kuimba jina lake. Aliwaponyoka akakimbilia gari la kumrudisha mama yake Ifo, maana lilikuwa refu na magoti ya Muslimo yalikuwa mabovu. Alinyoosha mkono amshike kiwiko. Muslimo akaurudisha mkono wake ndani ya mtandio.

"Usinishike," alisema. "Mwite Warfa."

"Hooyo, umechoka."

"Warfa," Muslimo aliita, na mkwewe akaja akampandisha.

Nunow alijiambia ni hasira, na hasira ya mama hupoa. Alipeleka makaratasi yake, sahihi za waliompendekeza, cheti cha chama na picha, akakubaliwa kuwa mgombea. Picha zake zilibandikwa kuanzia darajani hadi soko la mifugo. Kila alipopiga simu Ifo, Ramla ndiye aliyepokea, na kila mara hooyo alikuwa anasali. Hakuna mtu anayesali kiasi hicho. Alituma mchele na sukari. Gari likarudi na magunia yake yakiwa yamefungwa vile vile, na dereva akaleta salamu kwamba mzee wa nyumba hiyo anamshukuru bwana aliyetuma, ila wao si watu wa kupokea vitu vya wasiowajua. Nunow alimtukana dereva, kisha akaenda kujifungia bafuni.

Halafu habari ikaja kwamba safari ya Hanad imetimia. Familia ingechukuliwa Ifo kesho yake, kwenda kupanda ndege. Nunow alitaka kwenda peke yake, Rage akakataa.

"Mustaf amekata rufaa, na ana macho kila kona ya kambi," alimwambia. "Mgombea akienda na wazee kumuaga mama aliyesema ukweli wake, hiyo ni adabu. Akienda peke yake akalia mapajani, huo ni ushahidi."

Wakaenda wanne. Walikuta kiwanja kimejaa majirani waliokuja kuaga, na masanduku yamefungwa kamba. Muslimo alikuwa kwenye mkeka. Alipomwona Nunow akiingia, alivuta mtandio ukapita juu ya pua, akabaki na macho tu, vile mwanamke anavyojifunika anapoingia mwanamume asiye jamaa yake. Nunow alisimama. Mkeka ule alikuwa akiulalia. Warfa, bila kumtazama usoni, alimletea kiti cha plastiki cha wageni, na Ramla akaleta chai kwenye kikombe chenye kisahani. Hanad alimkimbilia akimwita abti, mjomba, akachuchumaa njiani apate pumzi.

"Mpe mkono mheshimiwa," bibi yake alimwambia.

Nunow alivuta kiti mpaka miguu yake ikagusa ukingo wa mkeka. Aliinama, akasema chini chini. "Hooyo, yatosha. Kesho mnaondoka. Nipe mkono wako, nami niende."

"Nilikuuliza mara mbili," Muslimo alijibu, chini chini vile vile. Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomtisha Nunow. "Ama nimemwapia Mungu uongo, ama wewe si mwanangu. Cha tatu hakipo."

"Kiapo kina kafara yake. Nitakulipia, nitalisha maskini..."

"Mtu hatubii wizi huku mbuzi wa wizi yuko jikoni." Alimtazama. "Jitoe. Leo, kabla hujatoka kambini. Kaa kimya, uza dawa zako. Hanad atapasuliwa, serikali haitakuuliza kitu. Mimi nitafunga, nitatubu kwa Mungu kwamba niliapa uongo, na nitakuwa mama yako. Ndilo pekee ninalokuomba."

Ilikuwa kweli yote. Nunow aliipima akaona haina tundu. Hakuna ambaye angeumia ila yeye, na kitu cha kupoteza kilikuwa kimoja tu. Alimtazama Rage, aliyekuwa amesimama na fimbo yake, ameshaacha kunywa chai. Alitazama simu mikononi mwa vijana wa kambi, nyingine zikiwa zimeelekezwa kwake. Alikumbuka kisima cha baba yake, au alijilazimisha kukikumbuka. Baadaye kabisa ndipo alipomtazama mama yake, na kwa kuwa uso ulikuwa umefunikwa, hakuona alichokuwa anakiacha.

"Uchaguzi uko karibu, hooyo," alisema. "Nikishinda nitakuja huko huko kukuona."

Muslimo aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei akaikubali. Alinyoosha mgongo, akaweka mtandio sawa, na sauti yake ikapanda ikawa ya mwenye nyumba anayemkirimu mgeni mbele za watu. Alimshukuru kwa kuja. Alimuuliza habari za njia, akamuuliza kama Garissa imepata mvua, na kama mifugo inaendelea vizuri. Nunow alijibu kila swali, kwa kuwa majirani walikuwa wananyamaza mmoja mmoja ili wasikie.

"Na mama yako, mheshimiwa?" Muslimo aliuliza. "Hajambo?"

Ramla aligeuka akashika ukuta.

"Hajambo," Nunow alisema. "Anakusalimu."